Uzinduzi wa King'ora cha Mafuriko

Kamati ya maafa ilimwalika dada yangu, kiziwi tangu kuzaliwa, azindue king'ora kipya cha mafuriko. Mkalimani hawakuleta, eti mimi mdogo wake natosha. Wakamvika fulana ya kamati, wakamsogeza mbele ya kamera kama kabati la sebuleni.

"Wasiosikia watajuaje maji yanakuja?" nikamuuliza mwenyekiti.

"Mdogo wangu, usituharibie shughuli. Si tumewashirikisha?" Akacheka, akamshika dada kidole bila kumwomba ruhusa, akambonyezesha kitufe.

King'ora kikalia, mbwa mtaa mzima wakabweka. Wakubwa wakapiga makofi.

Dada hakuondoa kidole. Akanigeukia, akaniambia kwa mkono uliobaki: "Kikilia, niambie."