Ukuta Usiokauka

Jumamosi, baada ya chai, mpiga chapa alivaa suruali yake kuukuu, akafunga kitambaa kichwani, akaingia bafuni na patasi, nyundo na ndoo. Alikuwa amekusudia kubandika vigae kwa mkono wake mwenyewe. Kila mwaka alikuwa akipaka rangi kuta za bafu, na kila mwaka rangi ilivimba upande mmoja, ikapasuka, ikadondoka sakafuni vipande vipande, na mtu wa tabia yake hakuweza kulivumilia jambo hilo. Kazini alijulikana kwa kurudisha mtamboni karatasi ambayo mstari wake umepinda kiasi cha unywele. Wenzake walimtania kwamba hata kitandani hulala kwa rula.

Hakuwa fundi ujenzi, lakini hakuwa mtu wa kuvamia kazi pia. Alikwenda kwanza kwa mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akamuuliza maswali mpaka wateja waliokuwa nyuma yake wakaanza kunung'unika. Mama yule akamwambia kwamba kubandika vigae ni kazi ya mwisho, na ndiyo nyepesi. Kazi yenyewe ni ukuta. Kwangua rangi yote mpaka uone lipu. Kisha gonga lipu kwa mpini wa nyundo, shubiri kwa shubiri, huku umetega sikio. Palipo pazima patalia ko, ko. Palipoachana na tofali patatoa sauti ya mtungi mtupu, na hapo usione huruma, bomoa.

"Watu wengi hawagongi," alisema huku akimpimia mteja mwingine misumari. "Wanaona rangi imeshika, wanabandika. Halafu siku moja vigae vyote vinawaangukia miguuni, wanakuja kunilaumu mimi na gundi yangu."

Mpiga chapa aligonga. Ukuta wa upande wa mlango, ule ambao yeye huuelekea kila anapooga, ulilia ko, ko kutoka juu mpaka chini, mkavu kama biskuti. Alifurahi, maana huo haukuwa na kazi. Kisha akageukia ukuta wa pili, wenye bomba la mvua, ambao mkewe alizoea kuuegemezea paji la uso. Aligonga mara moja tu. Ukuta ukatoa sauti ya mtungi mtupu, na baada ya sauti hiyo ukavuta pumzi, ukaanza kulia.

Kilikuwa kilio cha mtu anayejizuia asisikike. Mpiga chapa alisubiri kiishe, akachora duara kwa penseli mahali hapo, akagonga pengine. Napo palilia. Kufika adhuhuri ukuta ulikuwa umejaa maduara, kuanzia kimo cha uso wa mwanamke aliyesimama mpaka kimo cha mtu aliyechuchumaa.

Akabomoa kama alivyoagizwa. Lipu ilitoka mabonge mabonge, imelowa, na kila bonge liliendelea kulia kidogo hata lilipokuwa ndani ya gunia. Jirani waliyekutana naye ngazini alijibanza pembeni ili ampishe.

"Umebeba nini huko?"

"Lipu."

"Mbona inalia?"

"Imekaa na maji muda mrefu."

"Aa. Basi funga vizuri, isituchafulie ngazi," alisema jirani, akaendelea kupanda.

Mpiga chapa alisugua tofali kwa brashi ya waya, akafuta vumbi, akalowesha kidogo, akapiga lipu mpya na kuinyoosha kwa ubao mpaka pima maji ikakubali. Akaacha dirisha wazi, akawasha feni. Siku zikapita. Alipoona rangi ya lipu imepauka, akabandika kipande cha nailoni ukutani na kukiziba kingo zote kwa utepe, kwa kuwa mama wa duka alimwambia kwamba ukuta hudanganya macho, nailoni haidanganyi. Asubuhi yake nailoni ilikuwa imetuna maji. Akatia kidole, akaonja. Yalikuwa na chumvi.

Mkewe alikuwa jikoni, anachambua mchele.

"Ukuta haukauki," mpiga chapa alisema. "Halafu maji yenyewe yana chumvi."

"Ni yangu hayo," mkewe alijibu bila kuinua macho kwenye sinia.

Walikuwa wamepata mtoto mmoja tu, binti, naye alikufa kwa homa kabla hajang'oka hata jino moja la utoto. Mama aliitwa kwa jina la binti huyo, mama wa fulani, na jirani zao wote walimwita hivyo. Siku waliyotoka kuzika, mpiga chapa alikusanya nguo, viatu na kitanda kidogo, akavigawa kabla jua halijazama. Akasema humo ndani mtoto asitajwe tena, maana kumtaja ni kutonesha kidonda. Alidhani anamhurumia mkewe. Tangu hapo akamwita mwenzangu, akawaomba na majirani wamwite dada, nao kwa heshima wakakubali. Mwanamke yule akawa amezika mtoto, na siku hiyohiyo akanyang'anywa hata umama wenyewe. Ndipo akaanza kukaa bafuni muda mrefu, bomba likiwa wazi. Mpiga chapa aliwachekesha rafiki zake kwa kusema kwamba yeye ameoa bata.

"Kwa hiyo ulikuwa unalia bafuni?"

"Ningelia wapi? Ulisema humu ndani tusilie."

"Sikusema tusilie. Nilisema tusimtaje."

"Sasa mwenzangu, mtu analiaje bila kutaja?"

Mpiga chapa alirudi bafuni, akaweka sikio kwenye lipu mpya, ambayo tayari ilikuwa inanyonya yaliyosalia ndani ya tofali. Alisikia sauti ya mkewe, ndogo na ya karibu, ikiita jina la mtoto tena na tena, kama anavyoita mama anayetaka mtoto aache michezo aje kula. Kisha ikanyamaza, na iliporudi ilisema, "Nilimwambia twende. Nilimwambia twende usiku uleule. Akasema ni homa tu, tutampeleka hospitali asubuhi."

Mpiga chapa alibaki pale, sikio na shavu vimelowa. Ni kweli alisema hivyo. Alikuwa ametoka kazini amechoka, na homa za watoto alizizoea, huja na kwenda. Mkewe hakuwahi kumlaumu, si kwa neno wala kwa jicho, naye miaka yote alijipa moyo kwamba mwenzake amesahau. Sasa alijua kwamba hakusahau. Alikuwa akiusimulia ukuta. Aibu ikaja juu yake, akaona afadhali angetukanwa mbele za watu.

Akaenda tena dukani.

"Ukuta wako umekunywa machozi," mama wa duka alisema alipoelezwa. Alisema kwa sauti ileile ambayo angemwambia mtu kwamba ana mchwa. "Zipo njia mbili. Ya kwanza, mpe aliyelia mahali pengine pa kulilia, na awepo mtu wa kumsikiliza. Akimaliza huko, ukuta unakauka wenyewe. Ila unachelewa, na wewe hutajua lini utabandika."

"Na ya pili?"

"Ipo dawa ya kupaka. Hii hapa, ya ndoo. Inaziba kabisa, hakitoki kitu na hakiingii kitu. Lakini nikwambie mapema, inaziba tu, haiondoi."

Mpiga chapa aliitazama ndoo. Njiani, akiwa ameibeba begani, alipanga maneno. Angeingia jikoni, angemwita mkewe kwa jina lake la zamani, jina la mtoto likiwa ndani yake, halafu angesema ulinambia twende, nami sikwenda. Hayakuwa maneno mengi. Aliyarudia mpaka mlangoni.

Mkewe alikuwa anakausha vyombo. Aliona ndoo, akamwona na mumewe amesimama bila kuitua. Akaweka sahani chini. Akangoja. Alikuwa amengoja miaka, na uso wake wote ulionyesha kwamba bado angengoja.

"Nimepata dawa ya ukuta," mpiga chapa akasema.

"Inafanya nini?"

"Inaziba."

Mkewe akaichukua tena ile sahani.

"Basi paka," akasema.

Alipaka kama inavyotakiwa. Kwanza alibandika utepe wa kitambaa kwenye pembe, mahali ukuta unapokutana na sakafu, maana maji hupenda kupenya hapo. Mkono wa kwanza wa dawa aliupaka kwenda juu, akauacha ukauke, mkono wa pili akaupaka kwenda pembeni. Kila brashi ilipopita, sauti ilififia, mfano wa mtu anayeondoka chumbani polepole ili asiamshe waliolala. Mwishoni pakabaki doa la ukubwa wa kidole gumba, karibu na bomba. Kwenye doa hilo jina la mtoto lilitoka wazi kabisa. Mpiga chapa alisimamisha brashi, akalisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimtoka. Kisha akapaka.

Akabandika vigae vyeupe, akatia vijiti vya nafasi kati yake, akajaza saruji nyeupe kwenye mianya. Hapakuwa na kigae kilichopinda. Jirani alikuja kuona, akapitisha kiganja ukutani, akasema mafundi wanaolipwa hawafikishi kazi ya namna hii. Mpiga chapa akagonga vigae vyote kwa mpini wa nyundo, kimoja kimoja, na vyote vikalia ko, ko.

Saruji ilipokauka, mkewe akachukua taulo, akawa wa kwanza kuoga. Bomba likafunguliwa. Mpiga chapa alikuwa ukumbini anafuta vumbi lililoshika kwenye fremu ya mlango, ndipo akasikia. Ukuta haukuwa tena na pa kupokelea. Sauti iligonga vigae, ikarudi, ikapita chini ya mlango mpaka miguuni kwake. Haikukosekana hata herufi. Lilikuwa jina la mtoto, na baada ya jina, nilimwambia twende.

Alinyoosha mkono, akauweka kwenye mlango. Haukuwa umefungwa kwa ndani. Ulisogea kidogo, mvuke ukatoka.

"Maji yanatosha?" aliuliza.

Kilio kikakatika.

"Yanatosha," mkewe akajibu.

"Vizuri," alisema mpiga chapa. Akaurudisha mlango taratibu, akaenda sebuleni kungoja zamu yake ya kuoga.