Usaili wa Binti wa Mshona Majogoo

Asubuhi hiyo Suling alimkalisha mumewe kibarazani, akashika kipande cha ndimu na chumvi ya mawe, akaanza kumsugua vidole. Vidole havikutakata. Iodini ikishaingia kwenye kucha za mtu miaka na miaka, we sugua mpaka mkono ukuume, ule unjano umeshahamia na virago vyake. Teryo alitulia kimya, maana mke akiwa katika hali ile hata kupumua unapumua kwa adabu. Ila alipomwona anageuka kutafuta msasa wa kusugulia mbao, ndipo alipouvuta mkono wake na kusema basi, yatosha, ngozi ni ya kwake.

Kazi ya Teryo ilikuwa kushona majogoo. Kila Jumapili, na siku zote za sikukuu ya mtakatifu wa mji, alikaa kwenye benchi nyuma ya uwanja wa mapigano na sindano yake, nyuzi zake na chupa yake ya iodini. Majogoo wa kisiwa cha Negros hupigana na kisu kimefungwa mguuni, na hata anayeshinda mara nyingi hutoka akiwa amepasuliwa kifua. Aliyekufa huishia kwenye chungu cha mwenye mshindi. Aliye hai huletwa kwa Teryo mbiombio, damu inachuruzika, mwenyewe analia kuliko jogoo. Wanaume wa uwanjani walimwita daktari, nusu utani na nusu heshima, na yeye hakukataa.

Suling ndiye aliyekataa. Yeye alikuwa mwuza puto, vile vikeki vyeupe vya mchele, mlangoni pa kanisa, na wateja wake walikuwa wake za walimu na mapadri wenyewe. Kumwambia mtu kwamba mumewe anakula kwa kamari za majogoo kulimkaa kooni. Akiulizwa, alisema Teryo anahusika na mifugo, kisha akauliza haraka kama mteja anataka vikeki vingine.

Sasa mtoto wao wa pekee, Jerlyn, alikuwa amefaulu mtihani wa kuandika wa kuingia shahada ya uuguzi katika chuo cha serikali kule Bacolod. Kilichobaki ni usaili, na chuo kile kina utaratibu wake: mwombaji anasailiwa pamoja na mzazi mmoja, kwa sababu wanataka kuona mtoto anatoka nyumba ya namna gani. Nafasi zilikuwa chache na waombaji walijaa mpaka barabarani. Akikosa hapo hakuna chuo kingine wanachokiweza. Shangazi yake wa Manila alikwisha kumtafutia kazi ya kuuza simu kwenye duka kubwa, na kila siku alituma ujumbe kuuliza binti anapanda meli lini. Jerlyn hakutaka kuuza simu. Tangu akiwa na meno ya utotoni alisema atakuwa muuguzi, na hajawahi kusema kitu kingine.

Suling alikuwa amejiandaa kwenda. Alikuwa na gauni na majibu tayari. Kumbe binti alikuwa na yake, akasema, "Nay, nataka niende na Tay," maana ndivyo alivyowaita mama na baba. Lo, hapo nyumba ilichemka. Suling alitaka kuambiwa ni nani aliyekuwa akimwamsha mtoto alfajiri, ni nani aliyemfulia sare, ni nani aliyepiga magoti kanisani mpaka goti likavimba. Jerlyn alimkumbatia mama yake, akamwambia yote hayo ni kweli, na bado anataka kwenda na baba. Mtoto mpole akishasema jambo hivyo, we acha tu, humwondoi.

Ndiyo maana Suling alimgeukia mume. Huku akimfunga vifungo vya shati alimnong'oneza kwamba akiulizwa kazi aseme yeye ni msaidizi wa daktari wa mifugo. Teryo aliguna. Suling akamwambia huo si uongo, ni kulipiga pasi neno lililokunjamana. Watu wa chuo wakisikia uwanja wa majogoo watawaza kamari, pombe na visu, na mtoto atakwenda kuuza simu Manila kwa sababu ya domo la baba yake. Teryo akakubali. Jerlyn alikuwa ndani anachana nywele na hakusikia hata neno.

Kwenye korido ya chuo wasichana walikuwa wamepangwa kwenye viti na blauzi zao nyeupe, wavulana wachache katikati yao, na kila mmoja midomo inacheza. Wote walikuwa wakikariri jibu lilelile, kwamba nia yao ni kusaidia watu. Mama mmoja mwenye mkufu mzito alimuuliza Teryo binti yake akihitimu atakwenda Kanada au Ujerumani, maana wa kwake ana mjomba Uingereza na chumba kimeshapakwa rangi. Teryo alijibu kwamba wao kwanza wanatafuta kuvuka mlango ule pale. Yule mama akamtazama vidole, akasogeza mkoba wake upande wa pili.

Walipoitwa, walimkuta mkuu wa kitivo mwenyewe, Madam Villaseran, mwanamke mfupi mwenye mvi, amevaa sare nyeupe ya wauguzi japo cheo chake hakimlazimishi. Pembeni yake alikaa mwalimu kijana aliyekuwa akiandika tu. Madam alianza na Jerlyn. Alimuuliza masomo, afya, nyumbani, na Jerlyn alijibu kwa sauti ndogo lakini isiyotetemeka. Teryo alianza kupumua. Akajisemea moyoni kwamba mtoto huyu ni wa kwake, na kama angeruhusiwa angeusimamisha ulimwengu mzima uje umsikilize.

"Na wewe, Nong Teryo," Madam akasema, akimwita kwa heshima ya kaka mkubwa, "unafanya kazi gani?"

"Mimi ni msaidizi wa daktari wa mifugo, Madam."

"Daktari yupi?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Suling alimpa kazi lakini hakumpa daktari. Teryo alipekua kichwa chake haraka na kudaka jina la kwanza lililompitia, akasema Dokta Lacsina.

Madam Villaseran aliweka kalamu mezani taratibu. "Dokta Lacsina alikuwa jirani yangu," akasema. "Tulimzika kabla binti yako hajaanza shule."

Mwalimu kijana aliacha kuandika. Teryo alihisi masikio yanawaka. Madam hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Aliwaambia kwamba katika kitivo chake somo la kwanza halihusu sindano wala dawa. Ulichofanya, sema. Usichofanya, usiseme. Muuguzi akisema mgonjwa amepewa dawa na hajapewa, mgonjwa atakufa na hakuna atakayejua kafa kwa nini. Akauliza basi yeye ampokeeje mtoto ambaye nyumba yake inamletea uongo siku ya kwanza, tena uongo wa kumfufua marehemu. Akanyoosha mkono kulifunga faili.

Jerlyn alikuwa amemgeukia baba yake kwa mshangao. Kisha akamgeukia Madam.

"Madam, baba yangu anashona majogoo," akasema. "Uwanjani. Ndiyo kazi yake tangu sijazaliwa."

Teryo alitamani ardhi ipasuke. Lakini binti hakuishia hapo. Alieleza kwamba tangu mdogo alikwenda naye nyuma ya uwanja, akawa anamshika jogoo mabawa wakati baba akishona, na kwamba baba alimfundisha kumfunika jogoo macho kwa kiganja ili atulie. Alieleza kwamba nyumbani kwao hakuna anayekula kuku, hata siku ya Krismasi. Alisema hayo yote kichwa juu, waziwazi, utadhani anasoma sifa za mfalme.

Madam alimsikiliza mpaka mwisho. "Na unadhani kumshika jogoo kumekufanya muuguzi?" akamuuliza.

"Hapana, Madam. Kumenifundisha kutokimbia damu, basi. Kazi ya uuguzi siijui, ndiyo nimekuja kuomba nifundishwe."

"Kwa nini? Na usiniambie kusaidia watu, hilo nimelisikia tangu asubuhi."

Jerlyn alimtupia baba yake jicho, kama anayemwomba radhi kabla ya kumkanyaga.

"Jogoo akipona, Tay anamrudishia mwenyewe, na mwenyewe anamrudisha kupigana. Wengine tunawashona, wanapona, wanaletwa tena, mpaka siku ambayo hawaletwi. Mimi nataka kumuuguza mtu nikijua kwamba akipona anarudi kwake, analala kwenye kitanda chake. Nimelitaka hilo siku nyingi na sijawahi kumwambia Tay, kwa sababu niliogopa atadhani naidharau kazi yake."

Neno lile lilimwingia Teryo barabara. Kwanza lilimuuma, kwa sababu lilikuwa kweli, na yeye mwenyewe alilijua kila Jumapili alipofunga fundo la mwisho. Halafu maumivu yakapita na kikaja kitu kingine kikubwa zaidi. Akamwona mtoto wake. Si kale kasichana ka kushika mabawa, bali mtu mzima aliyeketi mbele ya wakubwa, akasema kweli bila kumtupa baba yake. Akasimama bila kuambiwa.

"Madam, uongo ni wangu mimi, huyu hakuujua. Jina langu kamili ni Eleuterio, na mimi ni mshona majogoo." Akaiweka mikono yake mezani na vidole vyake vya njano, mbele ya macho ya wote. "Kama kuna wa kukatwa leo, nikate mimi. Huyu mwache asome."

Madam aliitazama ile mikono. Akamwambia keti, Nong. Kisha akamweleza Jerlyn kwamba mwaka wa kwanza hakuna wa kumgusisha kidonda. Ni kutandika vitanda, kuogesha wazee na kumwaga mikojo, na wengi wenye majibu mazuri hukimbia hapohapo. Jerlyn akasema yeye hatakimbia. Madam hakucheka wala hakununa. Akawaambia majibu yatatumwa kwa simu, wangoje, na akaagiza aitwe anayefuata.

Nje walikaa kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza batchoy, zile tambi za supu ya mifupa, na bakuli la Teryo likapoa mbele yake bila kuguswa. Alimwambia binti yake kwamba amemharibia. Alisema laiti angemwacha mama yake aende, mama ana akili ya kujua daktari gani yu hai.

"Tay, leo nimeona aibu mara moja tu," Jerlyn akamjibu huku akimsogezea kijiko. "Uliposema wewe ni msaidizi wa daktari. Mimi nilikuchagua ili waone mikono yako. Sasa kula, tambi zinavimba."

Teryo akala, ingawa hakuonja kitu.

Nyumbani Suling alitaka habari zote, akapewa zote, hata ya marehemu Lacsina. Alikaa kwenye ngazi akashika shavu. Hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba maneno yale yalikuwa ya kwake na mwenzake kayabeba, kisha akaingia jikoni na ikasikika sauti ya masufuria yaliyokwisha kuoshwa yakioshwa tena. Siku zilizofuata simu ililia mara kwa mara, na kila mara alikuwa shangazi wa Manila. Jerlyn akaanza kukunja nguo zake polepole, moja moja, bila kuulizwa.

Jumapili ikafika na chuo bado kimya. Teryo akaenda uwanjani, kwa maana majogoo hawajui kwamba mtu ana shida zake. Ilikuwa siku ya mashindano makubwa, wapokea dau wamenyoosha mikono juu, wanaume mia kadhaa wanapiga kelele kwa pamoja. Teryo alikuwa na jogoo mwekundu mapajani, kidonda kimeshashonwa nusu, aliposikia kelele zinapungua. Zilianzia mlangoni, zikaja zikizimika safu kwa safu. Jambo hilo halitokei pale hata polisi wakija.

Alikuwa Suling. Amevaa gauni lake la kanisani, lile alilokuwa amelipigia pasi kwa ajili ya usaili, na alikuwa akipasua katikati ya wanaume wenye jasho bila kumwomba mtu njia. Hakuwahi kukanyaga pale tangu aolewe, wala hakujua benchi la mumewe liko upande gani. Akasimama kando ya uwanja wenyewe, kwenye mchanga wenye damu, akawatazama wote.

"Namtafuta mume wangu," akasema kwa sauti ile ya kuitia wateja. "Eleuterio. Yule anayewashonea majogoo wenu."

Mpokea dau mmoja mzee akamuuliza kwa upole kama kuna msiba.

"Hakuna msiba. Mwambieni chuo kimepiga simu. Binti wa mshona majogoo amepata nafasi, anakwenda kusoma uuguzi."

Uwanja ukalipuka. Waliokuwa wamepoteza dau na waliokuwa wameshinda wakapiga mbao za viti kwa viganja, mtangazaji akalirudia jina la Jerlyn kwenye kipaza sauti mpaka likakwaruza, na kofia zikaruka juu. Mwenye jogoo mwekundu ndiye pekee aliyekuwa hajaelewa kitu. Alimtazama Teryo, ambaye sindano ilikuwa imesimama hewani na machozi yanamdondokea kidevuni, akamuuliza yule mwanamke anayewapigia kelele ni nani.

"Mke wangu," Teryo akasema. Akajaribu kuongeza kitu juu ya binti yake, sauti ikamkatika, akalirudia lilelile. "Yule ni mke wangu."