Mmekuja Kufanya Nini?

Bibi Bustani, ndivyo wenzake ofisini walivyomwita, alihangaika miaka nenda miaka rudi mpaka wakubwa wakakubali watoto wa maghorofa ya nyuma ya kiwanda waingie bure kwenye msitu wa jiji. Siku amri ilipotoka alilia kwa furaha. Wiki zikapita, asionekane mtoto hata wa dawa.

Akachanganyikiwa. Akapanda ngazi za maghorofa, mlango hadi mlango. Mama mmoja, mikono imejaa povu, akamwambia, "Wangu walikwenda, dada. Wakarudi."

"Walifukuzwa?"

"Wala. Eti waliulizwa swali, likawashinda."

Swali? Msitu nao una mtihani siku hizi? Alishuka hadi getini damu ikimchemka, akamkabili mlinzi, mtu mpole aliyevaa koti linalomzidi mwili.

"Umewauliza nini watoto wa watu?"

"Wamekuja kufanya nini, bosi. Kila mtu namuuliza. Huyu atasema mbio, yule anatembeza mbwa. Wao wakatazamana. Mkubwa wao akasema, 'Hatujui, shikamoo,' wakaondoka. Mimi sikuwagusa!"

Alitafuta la kumkemea, asilione. Baya zaidi, alijaribu kulijibu swali lenyewe moyoni, nalo likamgomea. Mikutanoni alizoea kusema afya, hewa safi, haki. Hata moja halikuwa neno la kumpa mtoto mdogo aende nalo getini.

Jumamosi akawachukua watoto wa yule mama na wa jirani. Mlinzi alifungua mdomo, akaufumba, akageukia pembeni kukohoa. Wakapita.

Ndani, watoto wakasimama njiani wamejibana kama kuku wageni.

"Shangazi, tuanzie wapi?"

"Popote."

"Popote ndiyo wapi?"

 Kitindamimba akachuchumaa, akachomeka kidole kwenye udongo chini ya majani makavu, akakinusa. Akachomeka tena. Wengine wakamzunguka wakinong'ona kama wako wodini. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyekimbia. Bibi Bustani hakujua kama wanafurahi au wanamvumilia kwa adabu tu.

Jua lilipokuwa utosini akawaambia, "Haya, twendeni nyumbani."

Wakatikisa vichwa kukataa. Alipouliza kwa nini, wakainua mabega. Akaketi chini pamoja nao, sketi ikashika udongo, naye bado hajaelewa.