Unga wa Mwalimu

Tangu Mwalimu aondoke, betri zilikuwa zinamfia Mizani mikononi.

Mizani alikuwa fundi wa maabara, mwanamume wa miaka arobaini na sita, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu hata sukari ya chai aliikodolea macho kijikoni kabla ya kuitia. Mwalimu alikuwa mwanamke, mkemia. Aliwahi kufundisha sekondari, na jina likamganda. Kwa miaka sita walikuwa wakitengeneza pamoja betri ya zinki inayovuta hewa. Upande mmoja bamba la zinki, upande wa pili karatasi nyeusi iliyopakwa unga wa kichocheo, katikati maji makali ya potashi. Betri ikitoa umeme, kichocheo huivuta oksijeni iingie. Ikichajiwa, huisaidia kutoka. Kichocheo kikichoka, betri imekwisha.

Unga aliopika Mwalimu kwenye tanuri ulidumu: chaji, tumia, chaji, tumia, zaidi ya mara mia tatu. Kisha mama yake akapooza upande mmoja, naye akafunga virago kwenda kumuuguza, safari ya siku nzima kwa basi. Aliacha daftari lenye kila kipimo. Mizani akalifuata neno kwa neno, na betri zake zikakata roho kabla ya mara ya arobaini.

Alibadilisha potashi. Akakwangua ukoko mweupe uliojijenga pale hewa inapokutana nayo. Akaweka zinki mpya. Wapi! Mwishowe mkuu wa maabara, mama asiyependa maneno mengi, akamwita ofisini.

"Wiki tatu," alisema. "Usipoupata unga ule, tunashika kazi nyingine. Kwani Mwalimu hana simu?"

Simu alikuwa nayo, na namba Mizani aliijua kwa kichwa. Miezi minane alikuwa akiitafuta, akiitazama, akiiacha. Angeanzia wapi? Amwambie kwamba kiti chake bado kiko pale dirishani, na hakuna aliyethubutu kukikalia? Sasa angalau alikuwa na la kuuliza.

Akapiga mchana huo, amejibanza stoo kati ya chupa.

"Mizani!" Sauti ilikuja karibu mno. "Nilidhani umeshanisahau."

"Nikusahau vipi? Kazi tu. Mama anaendeleaje?"

"Anakula mwenyewe sasa. Mkono ndio bado."

"Mpe shikamoo yangu." Akakohoa. "Mwalimu, unga umenishinda."

Akamweleza yote. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Tanuri unalifungua saa ngapi?"

"Nikizima tu. Nautoa kwa koleo, nauweka mezani upoe. Si daftari linasema upoe?"

Mwalimu akaangua kicheko. "Upoe humo humo ndani! Ukiutoa wa moto, chembe zinapasuka. Hukumbuki? Tulikuwa tukizima tanuri tunaenda kukaa ngazini na chai, soga mpaka geti linafungwa. Unga tulikuwa tunautoa kesho yake."

"Hukuandika."

"Ningeandikaje? Sikujua kama ile ni kazi."

Tangu aachwe peke yake, Mizani hakukaa ngazini hata siku moja. Akizima tanuri alikuwa na haraka ya kumaliza aende zake.

"Siku hizi chai ya hapa..." alianza, likamkwama.

"Wewe hata maneno unayapima," Mwalimu akasema taratibu. Nyuma yake mama akaita, naye Mwalimu akakata simu.

Ijumaa Mizani alizima tanuri asilifungue. Akaenda ngazini na kikombe, akakaa upande wake ule ule, akauacha wazi upande wa pili, mpaka mlinzi akaja akichezesha funguo. Jumatatu akautoa unga, mweusi, mlaini. Wiki ya tatu ilipokwisha, betri ilikuwa imevuka mara mia mbili bila kuyumba. Mkuu akatazama karatasi ya matokeo, akasema, "Haya, endelea." Kwa yule mama, hiyo ilikuwa hotuba.

Mwalimu aliposikia alipiga kigelegele simuni. Kisha akasema amepata vipindi katika shule ya pale kwao. Maabarani hatarudi.

"Nije kumjulia hali mama?" Mizani akauliza, akashangaa ulimi wake mwenyewe.

"Bado, Mizani. Niache kwanza nitulie." Halafu, "Lakini piga. Jumamosi saa nne usiku, mama huwa amelala."

Akawa anapiga. Mwanzoni walizungumzia betri: imefika mara ngapi, potashi inakauka kwa kasi gani. Jumamosi moja waliongea karibu saa nzima, juu ya paa linalovuja, wanafunzi watundu, mkono wa mama ulioanza kushika kijiko. Alipoweka simu ndipo Mizani akakumbuka kwamba betri hawakuigusa kabisa. Akataka kumpigia tena amwambie. Akaona haya, akabaki amesimama chumbani, simu bado ya moto mkononi, akihesabu siku za kufika Jumamosi nyingine.