Pazia la Duka la Refa

Gari la klabu lilifika Jumatano asubuhi, na dereva hakupiga honi. Hilo peke yake lilimfanya Mama Namba ainue kichwa. Miaka yote jezi za msimu mpya zilipoletwa, dereva yule aliingia mtaani akipiga honi mpaka watu wakachungulia madirishani, akashuka na utani wake, akadai chai kabla ya kugusa mzigo. Safari hii aliliegesha gari nyuma ya duka, akayateremsha maboksi kimyakimya na kuyapanga ukutani. Yalikuwa yamezungushiwa utepe mweusi wa gundi juu, chini na ubavuni, kana kwamba yalikuwa yakienda ng'ambo.

"Chai iko tayari," Mama Namba alimwambia.

"Ahsante, mama. Leo nina haraka."

"Wewe? Wewe uliyechelewa hata harusi yako?"

Siku nyingine angerudisha utani mkali zaidi ya huo. Dereva alivitazama viatu vyake. "Maboksi yasifunguliwe mpaka Jumamosi asubuhi. Nimeagizwa niseme mara mbili. Yasifunguliwe, mama." Akapanda garini, akaondoka bila kupunga mkono.

Jina la Mama Namba lilitokana na kazi yake. Nyuma ya duka ilikuwapo meza yake, na juu ya meza mashine ya joto iliyofanana na pasi kubwa yenye taya, ambayo kwayo alibandika namba na majina migongoni mwa jezi. Mumewe, mwenye duka, aliitwa Refa, kwa kuwa hakupaza sauti wala hakutengua neno lake, hata pale alipokosea. Duka alirithishwa na baba yake, likiwa duka la vifaa vya michezo lililojulikana mji mzima. Sasa lilikuwa likijikongoja. Mtu akilitazama kutoka barabarani angedhani limeshiba, lakini kila boksi la kiatu lililokaa mbele lilikuwa limeegemea maboksi matupu. Wateja waliingia, wakajaribu viatu, wakaijua saizi yao, wakashukuru kwa adabu, kisha wakaagiza viatu vilevile kwa simu kabla hawajafika kona. Jezi bandia zilining'inizwa kwenye kamba stendi ya mabasi, na hazikumwonea haya mtu.

Lililolishikilia duka lisianguke lilikuwa moja tu: ushirika wake na klabu ya mpira ya mji ule. Tangu enzi za baba yake Refa, klabu haikuwahi kuitangaza yenyewe jezi yake mpya. Dirisha la kioo la duka lilifunikwa pazia wiki nzima, na Jumamosi ya mechi ya kwanza, mke wa mwenye duka alivuta kamba kutoka ndani. Ile iliyovikwa sanamu dirishani ndiyo iliyokuwa jezi ya msimu, na mjadala ulikoma hapo. "Ambayo haijaonekana kwa Refa si jezi," mashabiki walisema. Kijani kilikuwa kijani tangu klabu ilipoanzishwa; kilichobadilika ni kola, au mstari wa begani, na hata hicho watu walikigombania mpaka msimu ukaisha.

Alasiri ya siku ileile alikuja kaka yake Mama Namba, mkubwa wake kwa tumbo moja, ambaye alikuwa katibu wa biashara wa klabu na msimamizi wa mikataba ya jezi.

"Shemeji, kamati imepitisha," alimwambia Refa. "Misimu mitano. Hakuna duka jingine litakalouza jezi yetu ila hili lako."

Refa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mitano?"

"Mitano."

"Shemeji, leo umenifufua. Nilishaanza kujiuliza kama naweza kuuza misumari."

"Utaratibu ni uleule. Jumamosi mnavuta pazia, basi. Mengine tuachieni sisi."

Mama Namba alimletea kaka yake kiti. Hakukaa. Mtu ambaye tangu utotoni hakupita penye kiti bila kukikalia alikwenda dirishani, akakigonga kioo kwa kifundo cha kidole, kisha akautazama mlango wa chuma kutoka juu hadi chini.

"Bima ya duka bado mnayo?" aliuliza, kama anayemwulizia mgonjwa asiyemjua.

"Ya nini?" Refa alicheka. "Wezi wakiingia humu watatuonea huruma, watatuachia chochote."

Kaka mtu hakucheka. "Ni vizuri kuwa nayo," alisema, akaaga.

Mama Namba alibaki amekishika kile kiti.

Siku iliyofuata alilifungua boksi moja. Hakusukumwa na udadisi. Kila kitambaa kina joto lake. Ukikibandikia namba bila kukipima, ama namba itabanduka katika mvua ya kwanza, ama kitambaa kitaungua na kubaki na alama ya taya. Hakuwahi kubandika namba kwenye kitambaa ambacho mkono wake haujakijua, na Jumamosi watu wangejipanga mlangoni wakitaka namba zao papo hapo. Aliyetoa amri ile hakuwahi kusimama mbele ya mashine. Basi aliuchana utepe kwa chini, mahali ambapo usingeonekana, akaingiza mkono, akavuta jezi ya kwanza.

Alidhani wamemletea mzigo wa timu nyingine. Jezi ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, kuanzia kola hadi pindo. Nembo ya taa, iliyokaa kifuani miaka yote, haikuwapo. Mahali pake palikuwa na alama ya pembe tatu asiyoijua. Ndani ya kola liliandikwa jina la klabu, na mara baada yake, bila hata nafasi ya kupumua, jina la kampuni ya watu wa mbali.

Alimwita mumewe. Refa aliishika jezi kwa mikono miwili, akaketi juu ya maboksi. Mbele ya duka lile majeneza mengi yalikuwa yamepita yakiwa yamefunikwa bendera ya kijani, na baba yake mwenyewe alikuwa katika mojawapo.

"Wameiuza," alisema hatimaye. "Wameiuza klabu, na hawana uso wa kusema."

"Kwa hiyo wanataka dirisha letu liseme."

Refa aliigeuza jezi, akalisugua pindo kwa dole gumba. "Kitambaa chake si kibaya."

"Mume wangu."

"Nasema tu. Watu watazoea. Kola ya bluu si waliizoea?"

"Kola ya bluu walikutukana mpaka mwisho wa msimu. Na ile ilikuwa kola."

"Tukikataa, tunafunga," Refa alisema. Sauti yake haikupanda. "Unajua hivyo vizuri kuliko mimi. Baba alinikabidhi duka. Sitaki mimi niwakabidhi watoto rafu tupu."

Mama Namba alijua kwamba mumewe alisema kweli. Alichukua simu, akampigia kaka yake.

Kaka alipita mlango wa nyuma, akaliona boksi, akasema neno moja: "Umefungua."

"Kitambaa lazima kipimwe, kaka. Ungeniuliza, ningekwambia."

Hapo ndipo alipokaa. Aliwaeleza yote, kichwa kikiwa chini. Klabu iliuzwa kabla msimu uliopita haujaisha. Mnunuzi alitaka rangi za kampuni yake. Kamati ilikutana mara kwa mara, na hakupatikana hata mmoja aliyekuwa tayari kusimama mbele ya mashabiki.

"Jumamosi viongozi watakuwepo?" Mama Namba aliuliza.

"Wamesafiri."

"Wote?"

"Mwenyekiti ameondoka leo. Wengine walitangulia."

"Kumbe wameingia mitini," Refa alisema polepole, "na sisi tuachwe kwenye mataa."

"Mimi sijasafiri, shemeji."

"Lakini uliulizia bima."

Mashine ya joto ilikuwa imewashwa, na harufu ya chuma cha moto ilikijaza chumba.

"Niambie jambo moja," Mama Namba alisema. "Kwenye kikao, duka letu lilipotajwa, wewe ulisema nini?"

Kaka yake alivifinya vidole vyake. "Wapo waliotaka kuwanyang'anya mkataba. Nikasema ninyi mnaaminika. Nikasema, ikitoka kwenye dirisha la Refa, watu wataipokea. Nilidhani nawatetea, dada."

"Kumbe imani ya watu kwetu ndiyo uliyowauzia."

Aliuzima moto wa mashine, akaikunja jezi kama ilivyokuwa. Walikubaliana, ikiwa yale yaliweza kuitwa makubaliano: Refa ataivisha sanamu, mkewe atavuta kamba kama ilivyo ada, na kaka atakuwa pamoja nao siku hiyo, upande wao wa pazia. Sharti hilo la mwisho lilikuwa la Mama Namba, na kaka yake alilikubali bila kubisha.

Ijumaa aliingia kinyozi wa jirani, ambaye pia ndiye aliyeongoza ngoma za mashabiki uwanjani.

"Mama Namba, nionjeshe kidogo. Kola ni ya rangi gani safari hii? Nimebishana na mteja mpaka akaondoka na ndevu upande mmoja."

"Subiri Jumamosi."

"Roho yako ngumu kama ya mumeo. Haya, kola nitasubiri. Kijani si kilekile?" Aliuliza huku akicheka, kama mtu anayeuliza iwapo kesho jua litatoka.

"Subiri Jumamosi," alirudia. Alijua, neno likiwa bado mdomoni, kwamba amekosea kulisema kwa sauti ileile.

Kicheko cha kinyozi kilipungua. Alimtazama, akalitazama pazia, akamtazama tena. "Sawa," alisema, akatoka.

Jioni ile watu walianza kusimama ng'ambo ya barabara, mmoja, kisha wawili, kisha kikundi. Hawakuingia dukani wala hawakuuliza kitu. Walilitazama pazia, wakazungumza kwa sauti za chini, wakaondoka, na wengine wakaja kusimama walipokuwa wamesimama.

Jumamosi barabara ilijaa kabla duka halijafunguliwa. Ngoma ya kinyozi ililia, na wimbo wa klabu ukaimbwa na watu waliovaa kijani cha misimu yote, kilichokoza na kilichopauka, kila mgongo ukiwa na namba iliyobandikwa na mkono wa Mama Namba. Aliujua wimbo ule tangu alipoolewa, na asubuhi ile aliusikia umepungukiwa kitu. Wale wa mbele waliimba wakiwa wamekaza macho dirishani, bila kutabasamu.

Ndani, sanamu ilisimama katika rangi yake ya damu ya mzee. Kaka alikuwa kando ya sanamu, jasho likimtiririka shingoni. Refa alikuwa mlangoni, kufuli mkononi.

"Vuta," Refa alisema. "Kadiri tunavyochelewa ndivyo wanavyozidi."

Mama Namba aliishika kamba. Pazia lile halikuwahi kuwadanganya, ndiyo maana watu walikipokea kila lilichowaonyesha bila kuuliza. Na ndiyo maana walioikimbia aibu yao walilichagua. Akivuta, atakuwa amesema maneno yao kwa mkono wake. Aliiachia kamba, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kuwaambia kwa mdomo, kabla hawajaona kwa macho."

"Mkataba utakufa."

"Najua."

"Dada," kaka aliita, "usiwatajie…" Mama Namba alisimama, akamgojea amalize. Hakumaliza. Aliitazama sanamu, kisha akasema, "Nenda."

Alipojitokeza nje, ngoma ilinyamaza. Alisimama mbele ya kioo, mgongo wake ukilielekea pazia.

"Klabu imeuzwa," alisema. "Jezi iliyomo ndani si ya kijani, na taa haimo kifuani. Hatukuulizwa sisi, wala hamkuulizwa ninyi. Wenye kusema waliona haya kusema, wakalitupia dirisha hili. Nimeona msikie kwangu kwanza."

Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Kelele haikuja. Waliokuwa nyuma waliwauliza wa mbele, na habari ikarudi safu kwa safu. Aliweza kuifuata kwa nyuso, jinsi zilivyozimika moja baada ya nyingine mpaka mwisho wa barabara. Kisha wote wakarudisha macho kwake.

"Viongozi wako wapi?" kinyozi aliuliza.

"Wamesafiri."

"Wote?"

Lilikuwa swali lilelile alilomwuliza kaka yake juzi. Neno dogo tu, ndiyo, lingetosha. Watu wangekwenda kwenye ofisi za klabu, wakamaliza hasira yao juu ya milango iliyofungwa na vyumba visivyo na mtu. Lakini alikuwa ametoka nje kusema kweli, na kweli aliyoianza ilikuwa bado haijaisha. Alifungua mdomo. Akaufunga tena.

"Mama Namba, nimekuuliza kwa heshima," kinyozi alisema. "Wote?"

Nyuma yake pete za pazia zilikwaruza kwenye fimbo yake ya chuma. Hakugeuka. Aliyaona katika macho ya watu: walimtazama mtu aliyesimama dirishani kando ya sanamu, kamba ikiwa bado mkononi mwake, na wakamtambua katibu wa klabu.

Kinyozi aliuvua mkanda wa ngoma begani, akaiweka ngoma chini taratibu, kama mtu atakayeihitaji mikono yake yote miwili. Wa kando yake wakafanya vivyo hivyo. Mlangoni Refa alilishika kufuli asijue la kufanya, kwa maana akiufunga mlango mkewe atabaki nje, na akiuacha wazi shemeji yake yumo ndani.

"Mama Namba," kinyozi alisema kwa upole, akipiga hatua, "sogea kidogo."

Aliegemeza mgongo wake kwenye kioo, akaitandaza mikono, na hakusogea.