Jiwe Lililokwepwa na Barabara

Kazini walimwita Futi, na kwa miaka ishirini na sita mpimaji ardhi huyu alificha jambo moja la kijinga. Akiwa bado mbichi kazini, alikosea vipimo vya barabara ya kwao, akapaka alama nyekundu kwenye jiwe lisilohusika. Kupima upya kungekuwa kujiumbua. Basi akamwambia bosi wake kwamba mstari umekwepa mahali patakatifu, na wenyeji akawaambia kwa uso mkavu kuwa pale pana wenyewe, pasiguswe.

Uongo ukashika. Watu wakawa wanavua viatu pale, hata mama yake mkubwa. Kila Futi akimwona amepiga magoti, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Sasa barabara inanyooshwa. Mhandisi, kijana mchangamfu, alimwita ofisini. "Mzee, wewe ndiye uliyepaandika patakatifu. Tulipue au tukwepe tena?"

Futi akaona heri ayamalize. "Nilidanganya. Ni jiwe tu."

Mhandisi alicheka hadi chai ikampalia, kisha akagonga muhuri kwenye kibali cha kulipua. Futi akatoka mwepesi, akaenda moja kwa moja kwa mama mkubwa, aliyekuwa uani akichambua mchele, akaungama yote.

"Ile rangi?" mama mkubwa akasema. "Mwanangu, tulikuona ukipaka. Ulijipaka hadi puani! Tulicheka wiki nzima."

"Sasa viatu mnavua vya nini?"

"Mwanzoni tulikusitiri tu, usiaibike kwa bosi wako. Tukawa tunapita kimya kimya. Halafu mdogo wangu, mama yako, akafariki, nikakosa pa kulilia. Nikaenda pale kwa kuwa palikuwa na utulivu. Wengine nao wakaja na yao. Rangi yako ilishaondoka na mvua zamani." Akamtazama. "Ofisini umewaambia nini?"

Futi alimpigia mhandisi papo hapo, akamwomba jiwe lisilipuliwe.

"Mzee wangu," mhandisi akacheka, "saa nne hapakuwa patakatifu, saa sita pamekuwa? Baruti inawekwa kesho asubuhi."

Simu ilikuwa na sauti kubwa. Mama mkubwa alisikia kila neno. Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Aliweka ungo chini, akanyoosha mkono.

"Niinue, mwanangu. Twende nikamuage mdogo wangu."

Futi alimwinua, akiona aibu hata kumshika.