Saa ya Arobaini na Moja

Muuguzi mstaafu alifika kwa fundi saa Jumatatu asubuhi. Kitu alichobeba alikifunga ndani ya leso, na leso akaitia ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa na tabia ya kuvuja. Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Lenzi kwa kuwa kioo cha kukuzia hakikumtoka jichoni hata akienda kunyolewa, alifungua akakuta saa ya mfukoni ya kutia ufunguo. Ilikuwa imesimama. Kwenye kifuniko pamechongwa daraja la mto.

"Kaka, nataka kujua kama ni ya kweli," muuguzi alisema. "Makumbusho wanataka cheti cha fundi. Nikiwapelekea, watalifungua tena jalada la baba."

"Na maji haya?"

"Ya mtoni. Hutoka kila siku saa nane mchana. Nimeshazoea."

Lenzi akaweka kisosi chini ya saa, akaandika risiti.

Habari yenyewe wazee wa mtaa waliijua. Siku daraja lilipofunguliwa, miaka sitini iliyopita, wageni waheshimiwa arobaini walipewa saa za kumbukumbu, moja moja, majina yakiandikwa kwenye orodha. Kesho yake asubuhi baba yake muuguzi, mkaza nati wa daraja hilo hilo, aliopolewa mtoni amekufa, na saa moja kama zile mfukoni. Hakuwa mgeni wala hakuwa mheshimiwa. Jalada likaandika neno moja: mwizi. Muuguzi alikuwa na miaka sita. Amedunga sindano watoto wa mtaa ule, na watoto wa watoto wao, na bado kwenye hafla ya kumuaga kazini hakukosekana wa kunong'ona kwamba yule ni binti wa mwizi wa saa.

Lenzi alifanya kazi yake bila haraka. Jumanne alikwenda makumbusho akazipima saa tatu za orodha, akagundua kwamba aliyezichonga alikuwa na haraka ya kwenda kula: badala ya KUMBUKUMBU aliandika KUMBUKUMU. Saa bandia, ambazo zimejaa sokoni, zote zimeandikwa sawasawa, maana wanaoghushi ni watu makini. Saa ya muuguzi ilikosa B. Vyuma vilikuwa vile vile, springi ile ile. Ila ndani ya kifuniko pamekwaruzwa nambari 41.

"Za mwizi ni arobaini," mhifadhi wa makumbusho alimwambia akicheka, "na wewe unaniletea ya arobaini na moja." Hakuwa kijana mbaya. Alipenda utani tu, na alipenda orodha.

Jumatano saa nane mchana, Lenzi akiwa ameifungua saa mezani, marehemu aliingia. Alikuwa amelowa kuanzia kichwani. Alifuta miguu mlangoni, akakaa kwenye benchi la wateja. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na Lenzi sabini na miwili, kwa hiyo fundi hakujua amwamkie au asubiri kuamkiwa. Akaamua kwamba aliyetangulia ametangulia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Samahani kwa maji."

"Usijali. Ila usiegemee meza, springi zitaota kutu."

Marehemu akasogea, akaeleza. Nati ya mwisho ya daraja aliikaza yeye. Mhandisi mkuu alitaka apewe saa, akaambiwa orodha imeshafungwa, basi akaagiza moja zaidi na kumpa mkononi, nyuma ya ghala, bila karatasi. Mchana wageni walipokwenda kula, msimamizi akamwambia apande akakaze nati moja iliyokuwa inacheza. Akapanda, akateleza.

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nane. Hiyo hapo, tazama mwenyewe."

Akrabu fupi ilikuwa imesimama kwenye mbili. Na hapo ndipo Lenzi alipoelewa. Akrabu ikigusa mbili, mdomo husema saa nane, na kila mtu anajua, isipokuwa fomu. Mfanyakazi mwenzake alikimbilia ofisini akasema ameanguka saa nane. Karani akaandika 8. Wakubwa wakaisoma fomu kama zinavyosomwa fomu, kwa saa za Kizungu: nane ya asubuhi haiwezekani, maana saa nne asubuhi mtu huyo alionekana kwenye sherehe akiwa mzima. Basi ni nane ya giza, wakati daraja limefungwa kwa mnyororo. Anayeingia darajani kwa giza, ana saa ya wageni mfukoni, ni nani kama si mwizi?

Lenzi aliandika cheti cha kurasa mbili, akamwita mhifadhi na muuguzi Ijumaa. Marehemu naye alikuja wakati wake. Binti yake akampa taulo. Mhifadhi alimpa mkono, akajifuta kiganja kwenye suruali, akasoma cheti mpaka mwisho.

"Kazi safi," alisema. "Ni halisi kabisa. Hilo ndilo tatizo, mama. Ingekuwa bandia, ningesema marehemu hakuiba chochote, maana bandia si ya orodha. Sasa ni halisi, na kwenye orodha hayumo."

"Mwenyewe si huyu hapa?" Lenzi alifoka. "Muulize!"

"Namwona, mzee. Lakini marehemu hawezi kuwa shahidi kwenye jalada linalomhusu. Na fomu inasema nane."

Lenzi akatoa kioo jichoni, mara ya kwanza watu kumwona na macho mawili. Aliona aibu. Kuithibitisha saa ndiko kulikomfunga mwenye saa.

"Nisamehe, baba," muuguzi alisema. "Ningeiacha kabatini."

"Mwanangu, kwamba ni ya kweli nilijua siku zote. Nilitaka tu na mtu mwingine aseme."

Saa sasa iko makumbusho, chumba cha daraja, ndani ya kioo. Kikaratasi kinasema: *Halisi. Iliibwa siku ya ufunguzi.* Kila siku saa nane mchana marehemu hupitisha mkono kwenye kioo, akaitia ufunguo, na muuguzi hukaa naye kwenye benchi, na taulo, wakizungumza habari za wajukuu hadi isimame tena.

Mfagiaji, ambaye hana neno na mtu, hupangusa maji wakishaondoka. Mwezi uliopita aliandika kwenye daftari la matengenezo: *Saa 8, maji sakafuni.* Mafundi wa paa wakaja nane ile ya fomu, jua likiwa limeshazama, wakapapasa sakafu, wakaandika kwamba ni kavu.